Waya Uliopita Juu ya Zizi la Mjomba

Msomaji wangu, ikiwa unajifunza Kiswahili hapa Gisenyi, bila shaka ulilikariri neno "behewa" kabla ya kuliona behewa lenyewe. Ulifundishwa kwamba wingi wake ni "mabehewa", kwamba vile vipande vya mbao, chuma au zege vinavyolazwa chini ya reli huitwa mataruma, na kwamba mahali abiria wanapoteremkia ni stesheni. Kisha ukafunga daftari, ukatoka nje. Ukaliona ziwa Kivu, ukauona mji wa Goma ng'ambo ya mpaka, ukaziona pikipiki na mabasi yakipanda mlima kuelekea Musanze. Lakini reli hukuiona, hata ya urefu wa mkono mmoja. Nchi yetu haijawahi kuwa na reli ya kubeba abiria.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini tunajifunza majina ya kitu tusicho nacho?" Wenzake wakacheka. Nikampa jibu la haraka, kama walimu tufanyavyo tunapoona kengele imekaribia: kwamba Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, kwamba ni lugha ya watu wengi wenye reli, na kwamba huenda siku moja yeye mwenyewe atasafiri hadi Tabora. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi. Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba Kinyarwanda nacho kina jina la treni, nalo ni "gariyamoshi", neno la Kiswahili lililovuka mpaka pasipo treni yoyote nyuma yake. Tulilipokea jina, kitu chenyewe kikabaki njiani. Basi naomba nijibu upya, na safari hii sitakimbizwa na kengele.

Nianze na mjomba wangu. Anafuga ng'ombe wachache katika vilima vya Gishwati, huko ambako nyasi huwa na umande hadi saa nne asubuhi na ukungu huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi nilipelekwa kwake kila likizo. Juu ya zizi lake ulipita waya wa umeme, tena si mmoja bali nyaya tatu, zikishikiliwa na nguzo ndefu zilizoshuka bonde, zikapanda kilima cha pili na kutokomea. Usiku wa mvua nyaya hizo zilitoa mvumo mdogo. Chini yake sisi tuliwasha koroboi.

Shida kubwa ya mjomba ilikuwa maziwa ya jioni. Maziwa ya asubuhi yalichukuliwa na vijana wa baiskeli, waliofunga madumu mawili au matatu nyuma na kushuka kwa kasi ya kutisha hadi kituo cha kukusanyia maziwa, ambako palikuwa na tangi la kupozea. Maziwa ya jioni hayakuwa na pa kwenda. Tulikunywa tuliyoweza, mengine yakagandishwa, na siku ambazo mvua iliigeuza njia kuwa tope hata ya asubuhi yalirudi nyumbani yamechacha, wakapewa ndama. Siku moja mjomba alisimama uani, akatazama juu akaniuliza: "Wewe unayesoma, hebu niambie, waya huu ni wa nani?"

Nilimjibu kwamba ni wa serikali. Akasema: "Sikuulizi nani aliusimika. Nauliza ni wa nani."

Sikulielewa swali lake kwa miaka mingi. Nilianza kulielewa nilipokutana na historia ya chombo ambacho kilipita katikati ya mashamba kikiwa na waya juu yake: treni ndogo ya umeme ya vijijini.

Kwanza tulitazame neno. Wamarekani waliliita gari la namna hiyo "trolley", na sababu ilikuwa juu ya paa. Hapo palikuwa na fimbo ndefu, na kwenye ncha ya fimbo palikuwa na kapi dogo lililobingirika chini ya waya, likanyonya umeme na kuushusha hadi kwenye mota zilizo karibu na magurudumu. Kapi hilo ndilo lililolipa gari jina. Neno hilohilo lilipoingia katika Kiswahili likawa "toroli", na wewe unajua toroli ni nini: ni kile kigari cha mkono ambacho fundi mwashi hubebea mchanga. Kwa Wamarekani neno lilitua juu ya chombo kinachokwenda bila kusukumwa. Kwetu lilitua juu ya chombo ambacho hakiendi mpaka mtu akisukume.

Hilo lina kisa chake katika pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kisiwa cha Mombasa, palikuwa na reli nyembamba kando ya barabara, na juu yake vikapita vigari vyenye benchi na kipaa cha turubai. Maofisa na matajiri walikaa kwenye benchi. Nyuma yao wanaume wa Kiafrika walisukuma wakikimbia. Baadhi ya nyumba zilikuwa na njia yao ya reli hadi mlangoni, na baadhi ya wenye nyumba walikuwa na vigari vyao wenyewe, kama leo mtu anavyokuwa na gari lake. Mambo hayo yaliendelea hadi magari ya petroli yalipoyafuta katika miaka ya 1920. Nimeona picha za vigari hivyo. Anayeketi hutazama kamera. Wanaosukuma mara nyingi wamekatwa na ukingo wa picha, ikabaki mikono.

Sasa twende mashambani, tuanzie Marekani ambako jambo lenyewe lilikua kuliko kwingineko. Mwaka 1888, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, mhandisi Frank J. Sprague alionyesha kwamba magari mengi ya umeme yanaweza kuendeshwa kwa pamoja juu ya reli za mjini, hata kwenye miinuko mikali. Haikuchukua muda watu wakajiuliza: ikiwa waya unaweza kufika mwisho wa mtaa, kwa nini usiendelee hadi mji unaofuata? Katika miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne iliyofuata, reli hizo zilitoka mijini zikapenya mashamba ya mahindi. Kufikia mwaka 1916 hivi zilikuwa na urefu wa takriban kilomita 25,000. Jimbo la Ohio peke yake lilikuwa na zaidi ya kilomita 4,000, na mji wa Indianapolis ulifungua mwaka 1904 stesheni kubwa iliyokusudiwa magari hayo.

Nakuomba usifikirie treni kubwa yenye mabehewa ishirini. Mara nyingi lilikuwa gari moja tu, pengine mawili, lenye viti vya abiria upande huu na nafasi ya mizigo upande ule. Treni kubwa ya mvuke ilisimama mijini, mara chache kwa siku. Gari la umeme lilipita labda kila saa, na mkulima aliweza kulisimamisha kando ya shamba lake kwa kupunga mkono, au usiku kwa kuwasha kiberiti na kipande cha gazeti. Lilichukua watoto wa sekondari, barua, mayai, na madumu ya maziwa. Ndiyo, msomaji: madumu ya maziwa, yaliyopangwa juu ya jukwaa la mbao kando ya njia, yakisubiri gari la alfajiri. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda, nikawakumbuka wale vijana wa baiskeli.

Yakupasa kujua namna umeme ulivyosafiri, kwa sababu hapo ndipo mjomba anaporudi katika hadithi. Gari lilihitaji umeme wa kiasi cha volti 600 hivi. Umeme wa kiasi hicho hauwezi kwenda mbali, unachoka njiani. Kwa hiyo kampuni ilijenga mtambo mmoja mkubwa, ikatoa umeme wa nguvu nyingi kwa nyaya zilizofuata reli, na kila baada ya kilomita kadhaa ikaweka kituo cha kuupunguza nguvu na kuugeuza uwafae wenye magari. Maana yake ni hii: kandokando ya reli, juu ya mashamba ya watu, palipita umeme mwingi kuliko gari lilivyohitaji. Kampuni nyingi ziligundua kwamba zikining'iniza transfoma kwenye nguzo, zinaweza kumuuzia mkulima umeme uleule. Zile zilizotaka ziliuza. Zisizotaka ziliacha. Mkulima ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na njia alipata taa. Jirani yake aliyekuwa nyuma ya kilima aliendelea na mafuta ya taa. Hapakuwa na sheria iliyoilazimu kampuni kumpelekea, na mara nyingi aliyetaka sana aliambiwa agharamie nguzo mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na umeme.

Unaona sasa kwamba swali la mjomba lilikuwa limeshaulizwa Ohio kabla yeye hajazaliwa.

Treni hizo zilikufa upesi. Wengi husema kwamba gari la petroli ndilo lililoziua, na ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili haisimuliwi sana. Kampuni za reli zilijenga njia zao wenyewe, zikazitunza, na zikalipia kodi ardhi yake. Zaidi ya hayo, mikataba waliyotia saini na halmashauri za miji iliwataka waweke sakafu ya barabara kati ya reli zao na kuikarabati, na magari ya watu binafsi yakapita juu ya sakafu hiyo bure. Katika miji mingi mkataba uliwafunga pia kutoza nauli ya senti tano tu, na bei za vitu zilipopanda baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuweza kuibadili kwa urahisi. Upande wa pili, barabara mpya zilijengwa kwa fedha za umma. Kwa hiyo washindani wawili walishindana mbio, mmoja akitandika njia yake kwa jasho lake huku mwenzake akitandikiwa. Simlilii mwenye kampuni. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wakali waliouza hisa za reli ambazo walijua hazitalipa. Nasema tu kwamba kifo kile kiliandikwa katika mikataba na bajeti, na kwamba wananchi waliopiga kura za barabara huenda hawakujua kwamba walikuwa wakipiga kura ya kuiondoa treni.

Umeme wenyewe ulikuja mashambani kwa njia nyingine. Mwaka 1935 serikali ya Marekani iliunda wakala wa kusambaza umeme vijijini, na wakulima wakaunda vyama vya ushirika, wakakopa, wakasimika nguzo zao. Waya ukawa wao. Kilichosalia cha zile treni leo ni kidogo sana. Njia ya kutoka Chicago hadi South Bend bado inafanya kazi, na mtu akitaka kujua zilivyokuwa, aipande hiyo.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi si wa Marekani. Ni wa Ubelgiji, nchi iliyotutawala.

Ubelgiji ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 30,500, na Rwanda ina 26,300. Kwa hiyo mbele yetu tuna nchi mbili zinazokaribiana kwa ukubwa. Kwa sheria ya mwaka 1884, Ubelgiji iliunda shirika la taifa la reli za vijijini. Kazi yake ilikuwa kupeleka reli nyembamba na za bei nafuu mahali ambapo treni kubwa haikuona faida ya kwenda. Njia ya kwanza, kutoka Oostende hadi Nieuwpoort, ilifunguliwa mwaka 1885 kwa mvuke. Tangu miaka ya 1890 baadhi ya njia zikawekewa waya. Mtandao ulipofikia kilele chake ulikuwa na kilomita zipatazo 4,800. Ulibeba abiria, lakini pia viazisukari, makaa, mbolea na maziwa, ukipita katikati ya vijiji, karibu kabisa na milango ya maduka na makanisa.

Kilichonivutia si urefu wake. Ni hisa zake. Kila njia ilikuwa na mtaji wake, na mtaji huo ulichangwa na taifa, na mikoa, na manispaa ambamo reli ingepita, wakati mwingine na watu binafsi. Kijiji kilichotaka treni kilikaa kikao, kikahesabu, kikanunua hisa. Kwa hiyo diwani wa kijiji kidogo cha Flanders aliweza kuingia katika mkutano na kuuliza kwa nini gari la saa moja linachelewa, na akajibiwa, maana alikuwa mmoja wa wenye mali. Sisemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Njia nyingi hazikulipa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mabasi yaliziondoa karibu zote. Njia ya pwani ya bahari, yenye kilomita 67 hivi, ingalipo hadi leo na hujaa watu kila kiangazi.

Sasa weka ramani mbili mezani. Wajerumani, waliokuwa hapa kabla ya Wabelgiji, walifikisha reli yao ya kati Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo walianza tawi la kutoka Tabora kuelekea mto Kagera, ambalo lingeifungulia Rwanda mlango. Vita vikaanza, kazi ikasimama. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji, wananchi wa nchi yenye reli za vijijini kuliko karibu nchi yoyote duniani. Wakakaa hadi mwaka 1962. Treni ya kijiji haikuja.

Walichojenga ni barabara, na waliozichimba ni babu zetu kwa kazi ya lazima. Hapa Kiswahili kinaingia tena, na safari hii kwa aibu. Unajua kwamba kwa Kinyarwanda cha leo "akazi" ni ajira tu, jambo jema ambalo kijana hulitafuta. Kwa wazee wa zama zile neno hilohilo, lililotoka katika "kazi" ya Kiswahili, lilimaanisha kuitwa na chifu ukaache shamba lako uende ukachimbe barabara bila hiari. Pamoja nalo lilikuja "ikiboko". Neno "ibarabara" nalo ni letu. Kwa hiyo tulipokea barabara, kazi na kiboko, na gariyamoshi kama jina tu. Ninapofundisha msamiati wa usafiri siwezi kuyaacha maneno hayo yapite kama watu wasiojuana.

Kwa jirani zetu wa Kongo reli ilifika, na inafaa uone ilifika vipi. Mwaka 1924 iliundwa kampuni iliyoitwa Vicicongo, na sehemu ya mwanzo ya jina hilo inatoka katika neno lilelile la Kifaransa walilotumia Ubelgiji kwa reli za vijijini: reli ya ujirani. Ilijenga katika nchi ya Uele, kaskazini-mashariki, njia yenye upana wa milimita 600 tu, kutoka Aketi hadi Mungbere, ilikofika mwaka 1937. Jina ni lilelile, na zote mbili zilikuwa reli nyembamba. Lakini hakuna kijiji cha Uele kilichoulizwa kama kinataka hisa. Vijiji vya Uele vilipangiwa kiasi cha pamba cha kulima, wapende wasipende, na reli ikaja kuichukua pamba hiyo. Kusini, katika Katanga, ambako wafanyakazi wa migodi na reli walizungumza Kiswahili chao wenyewe, mwaka 1952 njia kati ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Tenke iliwekewa waya. Ilikuwa kazi ya kihandisi ya kusifika, mojawapo ya za kwanza za aina yake barani. Umeme wa mabwawa ulivuta shaba. Mtu aliyekaa karibu na nguzo aliusikia ukivuma, kama sisi.

Nimekwisha kuambiwa na rafiki mmoja kwamba ninaililia treni ambayo milima yetu isingeiruhusu. Ni hoja ya haki. Mtu anayepanda kutoka Gisenyi kwenda Nyabihu anaona mwenyewe jinsi nchi inavyosimama wima, na reli haipendi mwinuko. Hata hivyo, gari la umeme hupanda mlima vizuri kuliko la mvuke, na Uswisi inaishi na milima mirefu kuliko yetu. Sidai kwamba treni ingefaa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa na watu wa Gishwati akawauliza kama ingefaa, nao wakaikataa.

Ushuke leo hadi mpakani, upande wa Goma, uone mizigo inavyopita. Utaziona chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na kanyagio, zikishuka kutoka Kibumba zikiwa na viazi na makaa, na mwenye chukudu amepiga goti moja juu yake kama anayeswali. Zikifika bondeni husukumwa kwa mabega. Goma imezijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Utawaona pia watu wenye ulemavu wa miguu wakiendesha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa magunia, huku vijana wawili watatu wakisukuma nyuma. Ni biashara yao ya miaka mingi, nao wana vyama vyao. Nikiwatazama naona toroli ya Mombasa, ila hapa anayeketi naye anafanya kazi kwa mikono yake, na faida wanagawana.

Nimrudie mjomba, kwa kuwa nina deni.

Umeme ulianza kusambazwa vijijini kwa kasi katika miaka hii ya karibuni, na zaidi ya nusu ya kaya za Rwanda sasa zina umeme wa gridi au wa jua. Zamu ya kilima cha mjomba ilipokaribia, palitangazwa kikao cha wananchi, kile kinachofanyika Jumanne, ili kuorodhesha nyumba na kukubaliana nguzo zipite wapi. Mjomba alinipigia simu. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa na maandishi, na siku ile ilikuwa siku ya kupeleka maziwa. Aliniomba niende nikakae kikaoni kwa niaba yake. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimwambia, na nakumbuka maneno yangu barabara: "Usijali, Mjomba, waya tayari uko juu ya nyumba yako, watakusahau vipi?"

Walimsahau. Sisemi kwamba walimdhulumu. Orodha iliandikwa kwa majina yaliyotajwa kikaoni, na jina lake halikutajwa na mtu. Nguzo mpya zilipita upande wa pili wa bonde, na ya mwisho ilisimama mita mia mbili hivi kutoka zizini. Fundi mmoja alimweleza kwa upole jambo ambalo mimi mwalimu nilipaswa kulijua: waya mkubwa hauwezi kukatwa tu ukaingizwa ndani ya nyumba, unataka transfoma, na transfoma huwekwa mahali ambapo watu wamekubaliana. Mjomba alingoja miaka mitatu zaidi. Katika miaka hiyo hakuniambia neno la lawama. Aliniuliza tu, kila nilipomtembelea, mitihani ile ilikwendaje.

Nimeyaandika haya ili ujue kwamba mwalimu anayekufundisha habari za hisa za vijiji vya Ubelgiji ni yuleyule aliyeshindwa kupanda pikipiki kwa saa moja.

Sasa reli inazungumzwa tena. Mwezi Juni 2024 treni ya umeme ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwishoni mwa Julai ikafika Dodoma. Watu wengi bado wanaiita garimoshi, na mimi siwasahihishi. Moshi umeondoka, jina limebaki, lugha ndivyo ilivyo. Ujenzi unaelekea magharibi. Kutoka Isaka pamekusudiwa tawi la kuja Kigali, na Januari 2018 marais wa nchi mbili walikubaliana kulisukuma mbele. Sijui mwanangu atakuwa na umri gani litakapofika. Lakini mstari wowote wa namna hiyo huchorwa kwanza kwenye karatasi, na karatasi hupita mezani, na mezani huwa na viti.

Kwa hiyo nilimpa yule mwanafunzi zoezi, naye akalipeleka kwa darasa zima. Wachore njia ya treni kutoka Kigali hadi Rubavu, waweke stesheni kumi tu, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu barua ya mwananchi wa kijiji kilichorukwa. Ramani zilikuja nzuri. Barua zilikuwa bora zaidi. Msichana mmoja aliandika kwa jina la bibi yake wa Busasamana akieleza kwamba hataki stesheni, anataka tu treni isimame kwa dakika mbili akipunga mkono. Hakuwa amesoma lolote kuhusu Ohio. Mwanafunzi wangu mwenye swali alitumia maneno yote: behewa, mataruma, stesheni, nauli, hisa. Alikosea upatanisho wa ngeli mara mbili. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu, kisha nikamwomba ruhusa ya kumsomea mjomba barua yake.

Mjomba aliisikiliza chini ya taa yake. Taa ipo sasa, moja sebuleni na moja zizini. Tangi la kupozea maziwa bado liko mbali, na njia ya kulifikia bado ni tope mvua ikinyesha. Akaniambia kwamba habari ya njia hiyo imewekwa katika ajenda, kikao ni Jumanne ijayo saa nane mchana. Nimeshaomba ruhusa shuleni.